Mistari Kumi na Mmoja

Alikuja kwangu Flamingo siku ya mvua ya mawe,
ile iliyotoboa mabati ya kina Wambugu.
Hapana, siku iliyofuata; nilikuwa naanika magodoro.
"Naitwa Kadenyi," akasema. "Nimepewa nafasi ndogo
katika mchezo wa wanajeshi waliorudi.
Mke wa koplo. Mistari kumi na mmoja basi.
Nimeambiwa wewe unajua."

Najua nini mimi? Nikampa kigoda, nikampa chai.
Akafungua daftari la hesabu, la miraba.
Nilidhani ataniuliza habari za Somalia,
nchi ninayoijua kwa ramani ya ukutani,
kumbe swali lake la kwanza:
"Kifuniko cha sufuria, unakiweka vipi?"

Nilinyamaza. Kisha nikamwonyesha:
mikono miwili, ukingo kwanza,
kama kumlaza mtoto aliyesinzia mgongoni.
Nikamwonyesha vipande vya ndala nilivyopigilia
kwenye fremu, upepo wa Menengai usije ukabamiza mlango.
Bisi hatukaangi.
Mkesha wa mwaka mpya tunalala Subukia kwa shangazi yake,
huko fataki hazifiki.
Kumwamsha, nasimama mlangoni naita jina, si cheo,
Kimosop, Kimosop, Kimosop,
wala simgusi. Nilimgusa mara moja.
Kadenyi akanitazama shingoni,
akaandika neno, akalikata.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani.
Kimosop alikubali kuja, sijui kwa nini,
akachagua kiti cha mwisho, mgongo ukutani, mlango mkononi.

Mwigizaji mkuu, kijana wa Njoro mwenye magwanda ya kukodi,
alilia vizuri sana.
Alipiga magoti, akataja wenzake waliokufa mmoja mmoja,
akailaani serikali,
akamuuliza Mungu maswali saba bila kumeza mate.
Watu wakasimama kwa makofi.
Kimosop akaninong'oneza:
"Kamba ya kiatu cha kushoto. Angechapwa."

Na Kadenyi?
Kule nyuma, mbavuni mwa jukwaa, taa haimfikii vizuri,
anachambua maharagwe kwenye ungo.
Mumewe wa mchezo akipaza sauti, vidole vinasimama.
Pumzi zake zikishuka, vidole vinaendelea.
Kokoto moja, akaiweka kando. Kokoto nyingine.
Hakuna aliyekuja kuangalia maharagwe.
Halafu akainua kifuniko
na kukirudisha juu ya sufuria.

Watu mia mbili, na sikusikia kitu.

Kimosop ndiye aliyekisikia kile kisichosikika.
Aliliacha jukwaa na kijana wake akinguruma
akanigeukia mimi.
"Wewe ndiye uliyemfundisha?"
"Aliniuliza."
"Unafanya hivyo tangu lini?"
Nikahesabu. "Tangu ulivyorudi. Mwaka wa sita huu."
Hakujua. Angejuaje?
Kazi yenyewe ilikuwa asijue.

Mstari wa kumi na moja ulikuwa jina la mtu,
likaitwa kutoka mlangoni, mara tatu.
Mtu wa mbele yetu alikuwa anatafuta simu yake chini ya kiti.

Jumatatu gazeti likamsifu kijana wa Njoro,
likamsifu mwelekezi, likalalamikia vyoo vya ukumbi.
Kadenyi alikuwa ndani ya "na wengineo."
Nilikata kile kipande hata hivyo,
nikakihifadhi kwenye kopo la majani ya chai.

Siku kadhaa zikapita bila la kusema.
Jana jioni nilikuwa nasonga, mchuzi ukiwa pembeni,
akaingia jikoni, ambako haingiagi,
akachukua kifuniko kwa mikono miwili,
ukingo kwanza.
Kikamteleza. Kikalia, chuma kwa chuma, hadi sebuleni.

Tukasimama, mimi na mwiko wangu,
yeye kakilalia kiganja chake kama mtu anayenyamazisha kengele.
Nikahesabu kimya, nilivyozoea.
Nilifika kumi na tisa.
Akauliza kama mchuzi umetiwa chumvi.